Magamba Yanayopungua Uzito Katika Bahari ya Kusini

Kusini mwa Tasmania, kabla ya kuifikia barafu ya Antaktika, imetanda bahari yenye baridi kali na mawimbi makubwa ambayo wengi wetu tunaoishi Australia hatutaiona maishani. Ndani yake huelea viumbe wadogo mno wajengao magamba ya chokaa, ile chokaa ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliipata kwa kuchoma matumbawe. Mwaka 2009 watafiti wa mjini Hobart, akiwemo Andrew Moy, walitangaza kwamba magamba hayo yamekuwa mepesi kuliko yalivyokuwa zamani.

Kiumbe waliyemchunguza huitwa Globigerina bulloides. Ni wa jamii ya foraminifera, ana seli moja tu, na hata milimita moja hafikii. Watafiti walikusanya magamba ya siku hizi kwa mitego iliyotegwa kilindini, yakinaswa yanapozama baada ya kiumbe kufa. Kisha wakayalinganisha na yale yaliyozikwa katika tope la sakafu ya bahari hiyohiyo maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya viwanda. Mizani ilionyesha kwamba magamba mapya yamepungua uzito kwa asilimia 30 hadi 35. Tope hilo, lenye kumbukumbu ya miaka ipatayo 50,000, lilionyesha pia kwamba kila hewa ya ukaa ilipoongezeka angani, magamba yalikuwa mepesi.

Chanzo chake si fumbo. Kabla ya zama za viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imefikia takriban 420. Kituo cha Kennaook, yaani Cape Grim, kaskazini-magharibi mwa Tasmania, kimekuwa kikilipima ongezeko hilo tangu mwaka 1976. Takriban robo ya hewa tunayoizalisha humezwa na bahari, na maji ya baridi huimeza kwa wepesi zaidi. Ikiingia majini hugeuka asidi ya kaboni, na asidi hiyo huipunguza kaboneti, ambayo ndiyo malighafi ya gamba.

Neno asidi lisimpotoshe msomaji. Bahari haijawa siki, wala haitakuwa. Kipimo chake cha pH kimeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, na bado maji yake si ya asidi. Lakini kipimo hicho huhesabiwa kwa namna ambayo tofauti ndogo ya tarakimu huficha badiliko kubwa: chembe za haidrojeni zinazoleta ukali wa asidi zimeongezeka kwa takriban asilimia 30.

Foraminifera hujenga kwa kalsaiti, iliyo chokaa ngumu kiasi. Walio hatarini zaidi ni teropodi, konokono wadogo ambao mguu wao umegeuka kuwa mbawa mbili za kuogelea, hata wakaitwa vipepeo wa baharini. Wao hutumia aragoniti, ambayo huyeyuka upesi zaidi. Mwaka 2008, upande wa Atlantiki wa bahari hiyohiyo, Nina Bednaršek na wenzake walivua teropodi walio hai, na darubini ikaonyesha magamba yaliyokwisha kuliwa na maji. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Hadi wakati huo jambo hilo lilikuwa likijulikana zaidi kwa majaribio ya maabara.

Mwenye kuuliza konokono huyo ana faida gani na awatazame samaki na ndege wa baharini wanaomla. Tena magamba yanapozama hushusha kaboni vilindini. Yakipungua uzito, huzama polepole.

Mwaka 2008 Ben McNeil na Richard Matear, wote wa Australia, walikadiria kwamba hewa ya ukaa ikifikia sehemu 450, maji ya juu ya Bahari ya Kusini yataanza kuiyeyusha aragoniti wakati wa kipupwe, pengine mapema kama mwaka 2030. Kwa kasi ya sasa, kiwango hicho hakiko mbali.

Si wote wanaoukubali mtazamo wa giza tupu. Baadhi ya watafiti wameonyesha kwamba gamba la teropodi hufunikwa na utando mwembamba unaolikinga, na palipotoboka konokono huweza kuziba kwa kuongeza tabaka kwa ndani. Hoja hiyo ina uzito, na mwandishi haipuuzi. Ila ukarabati huo hugharimu nguvu, na nguvu hutoka kwenye chakula. Kipupwe, msimu ambao maji yanatarajiwa kuvuka mpaka kwanza, ndio msimu ambao chakula katika bahari hiyo huwa haba.