Manukato ya Limau na Chungwa kwa Mwanamume: Hukumu ya Kolonya, Swala na Ihramu

 

Swali limetufikia kutoka Maneromango, Wilaya ya Kisarawe, kwa dada yetu mzaliwa wa Pemba aliyeolewa huko. Mumewe ana mazoea ya kujipaka kolonya yenye harufu ya limau na chungwa kila anapokwenda msikitini, na mara nyengine yeye ndiye husalisha. Kaka wa mume amesikia kuwa kolonya ina spiriti, na kwamba spiriti ni khamri na khamri ni najisi. Akamwambia mdogo wake alipe swala za miaka yote aliyoitumia, kisha akaacha kuswali nyuma yake. Ndugu wawili sasa hawasalimiani. Maswali kama haya tunayapokea pia kutoka Unguja na Pemba, kwa hivyo tumeona tulieleze jambo hili kwa upana.

Tuanze na chupa yenyewe, maana wengi huihukumu bila ya kujua kilichomo. Manukato haya yamepata jina lake kutoka mji wa Cologne, Ujerumani. Biashara ya familia ya Mtaliana Johann Maria Farina ilianza hapo mwaka 1709, na chupa ya 4711, ambayo wazee wetu wengi wanaijua, ni ya mji huo huo. Tarakimu zile ni nambari ya nyumba. Waarabu huyaita kulunya, na ndilo neno utakalolikuta katika fatwa zao. Ndani yake mna mafuta ya maganda ya limau, chungwa na bergamoti, tunda la jamii ya ndimu linalolimwa zaidi kusini ya Italia, pamoja na mafuta ya maua ya mdanzi, na mara nyingi majani yenye harufu kama lavenda. Mafuta hayo ni machache, kiasi cha asilimia 2 hadi 5. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni spiriti na maji kidogo.

Tusidhani kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Al-Kindi, mwanachuoni wa Iraq wa karne ya 3 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya kutengeneza manukato na kuyakeneka. Na harufu ya matunda haya ina daraja katika Sunna: katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimfananisha Muumini anayesoma Qur'ani na utrujja, tunda la jamii ya ndimu na balungi lenye ganda nene, kwa kuwa ladha yake ni nzuri na harufu yake ni nzuri.

Asili ya manukato kwa mwanamume ni Sunna. Mtume (S.A.W.) alikuwa hayarudishi manukato anayopewa, kama alivyosimulia Anas (R.A.), na siku ya Ijumaa amehimiza kuoga na kujitia manukato ya nyumbani. Imepokewa pia kwamba manukato ya mwanamume ni yale ambayo harufu yake inadhihiri na rangi yake inafichika. Kolonya ya limau inaingia humo bila ya shaka. Kwa hivyo mzozo wa Maneromango hauhusu harufu. Unahusu ile spiriti.

Maulamaa walio wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, wanasema khamri ni najisi, wakitegemea neno "rijsi" katika Suratul Maida aya ya 90. Wengine, na miongoni mwao Rabia mwalimu wa Imamu Malik, Layth bin Saad, na Muzani ambaye ni mwanafunzi wa Shafii mwenyewe, walisema ni haramu kuinywa lakini dhati yake ni tahiri, kwa kuwa aya imetaja kamari na masanamu pamoja nayo na hakuna anayesema kuwa karata ya kamari inanajisi mkono. Kauli hii aliishika pia Shawkani wa Yemen.

Kisha yako masuala ya zama zetu. Spiriti ya manukato aghalabu hutiwa dawa chungu makusudi ili isinyweke, na nyengine hutengenezwa viwandani pasipo zabibu wala tende. Mufti Muhammad Taqi Usmani wa Pakistan, akifuata msingi wa Kihanafi, ameruhusu spiriti isiyotokana na zabibu wala tende katika matumizi kama haya. Sheikh Ibn Baz wa Saudia, kwa upande wake, alikuwa mkali juu ya kulunya inayolevya na akaitahadharisha. Wote ni wanazuoni, na hakuna aliyetoka nje ya dini.

Sisi Mashafii tusijidanganye kwa hoja nyepesi. Husemwa: "Spiriti inaruka hewani, nguo ikikauka basi imeisha." Katika madhehebu yetu najisi haitoharishwi kwa kukauka, kwa hivyo hoja hiyo haitoshi. Hoja yenye nguvu ni ya msamaha. Sheikh Abdurrahman al-Jaziri, katika kitabu chake cha fiqhi ya madhehebu manne, ametaja miongoni mwa vitu vilivyosamehewa vimiminika najisi vinavyotiwa katika dawa na manukato kwa ajili ya kuvitengeneza, kwa kiasi kinachohitajika kwa kazi hiyo. Atakayesema kwamba spiriti katika kolonya ni nyingi mno kuitwa kitengenezi ana la kusema. Hata hivyo bila yake kolonya haipo, na balaa hii imeenea hata katika sabuni na dawa za hospitali.

Tunaloliona sisi ni kwamba kujipaka kolonya kunajuzu, na swala ya aliyejipaka ni sahihi. Aliyepata uturi wa mafuta usio na spiriti, huo ni bora kwa msikitini, kwa kuwa kutoka katika khitilafu ya maulamaa ni jambo linalopendeza.

Ama kulipa swala zilizopita, hapana. Mtume (S.A.W.) alivua viatu ndani ya swala alipojulishwa na Jibril kuwa vina uchafu, na hakuianza swala upya; hadithi iko kwa Abu Daud. Imamu Nawawi katika Majmuu aliipendelea kauli ya kutorudia kwa aliyeswali na najisi hali ya kuwa hajui. Hapo ni kwa najisi iliyohakikika, seuze jambo ambalo limeruhusiwa na maulamaa wanaotegemewa! Mwambie mumeo alale usingizi wake. Na kaka ana haki ya kujizuilia mwenyewe na kolonya, lakini kumkimbia imamu kwa suala la khitilafu siko kulikojulikana kwa watangulizi wetu, ambao waliswali nyuma ya wenziwao waliotofautiana nao katika mambo yanayotengua udhu. Mdogo naye ampunguzie kaka yake uzito: chupa aiache kwa ajili ya sokoni na harusini, msikitini ajipake uturi. Aende yeye kwanza kumwamkia, kwani huyo ni mkubwa wake.

Mahujaji wetu walizingatie hili. Ndani ya ihramu kolonya ni haramu, mwilini na nguoni, na sabuni na vitambaa vya kujipangusia vyenye manukato ya limau vinaingia humo. Wengi huvipokea ndani ya ndege bila ya kufikiri. Lakini kula chungwa, au kunusa limau, hakuna ubaya katika madhehebu yetu, kwani hayo ni matunda yanayokusudiwa kuliwa. Mwilini anaruhusiwa kujitia manukato kabla ya kuhirimia, kama Bibi Aisha (R.A.) alivyompaka Mtume (S.A.W.). Katika Ramadhani, kujipulizia hakufunguzi saumu, ila kuacha kunusa manukato mchana ni bora. Mwenye eda ya kufiwa hajipaki kabisa.

Kwa upande wa matumizi, harufu ya limau ndiyo ya mwanzo kutoka na ya mwanzo kupotea. Mwenye pua nzuri atasikia limau na bergamoti, kisha ua la mdanzi, kisha ubaridi mwepesi, na baada ya saa mbili hivi hakuna kitu. Hiyo si kasoro. Kwa joto letu, na kwa safu iliyobanana siku ya Ijumaa, kolonya nyepesi humstahi mwenye pumu kuliko oudi nzito iliyofukizwa kanzu mpaka ikawa kama chetezo.

Usijipake shingoni kisha ukatoka juani. Mafuta ya bergamoti na ndimu yana chembechembe ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi; aliyekamua ndimu juani anaweza kuyapata vile vile. Weka nguoni, upande wa ndani. Chupa ikae gizani, maana mafuta haya yakipigwa na joto na hewa huharibika na kuwasha. Usijipulizie karibu na jiko, na watoto wasiifikie: anayeinywa, ama kwa ujinga ama kwa kutafuta ulevi, anakunywa haramu na sumu pamoja.

Anayependa harufu hii bila ya spiriti, Pemba tunayo karibu. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukeneka mafuta ya mchaichai, ambao harufu yake ni ya limau. Matone machache ndani ya mafuta ya nazi yanatosha, ila usiyapake matupu kwenye ngozi kwani ni makali.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.