Walioilisha Lisbon

Mgeni anayefika Lisbon kwa mara ya kwanza huelekezwa Belém kabla hata hajafungua begi. Atapanda tramu namba 15 kandokando ya mto Tejo, atashuka jirani na Monasteri ya Jerónimos, na hapo ataikuta foleni mbele ya duka lenye mapazia ya buluu. Ndipo panapouzwa pastel de Belém, kikombe cha unga uliokunjwa kwa siagi safu juu ya safu, ndani mna kastadi ya viini vya mayai iliyobabuka kidogo juu. Huliwa kingali moto, kikinyunyiziwa mdalasini na sukari ya unga. Ukiuma, ganda hupasuka kwa sauti, na kastadi humwagika ulimini. Foleni ile ya nje, aghalabu, ni ya wanaonunua na kuondoka. Anayetaka kukaa aingie ndani, kuna vyumba vingi vyenye vigae vya buluu na nyeupe.

Duka hilo lilianza 1837. Miaka mitatu kabla yake, 1834, serikali ya kiliberali ilikuwa imefunga nyumba za watawa nchi nzima, na watu waliozitegemea wakabaki bila riziki. Mtu mmoja wa monasterini alianza kuuza vitobosha hivyo katika kiduka kilichoungana na kiwanda cha kusafisha sukari, ili apate mkate wake. Siri ya mapishi ilihifadhiwa, na hadi leo kastadi na unga huandaliwa katika chumba kinachoingiwa na wachache tu walioapa kutoitoa. Kwingineko mjini kitafunio hicho huitwa pastel de nata. Jina la Belém ni la duka hilo peke yake. Viini vingi hivyo vya mayai navyo vina sababu, kwani katika nyumba za watawa ute ulitumika kukazia nguo, viini vikabaki tele, na sukari ilikuwepo. Sukari hiyo ilitoka Madeira, kisha São Tomé, kisha Brazil, na kote huko miongoni mwa walioilima na kuikamua miwa walikuwemo watumwa kutoka Afrika.

Hilo ndilo ningependa msomaji alishike anapotafuta mahali pa kula katika mji mkuu huu wa pwani. Lisbon imelishwa kwa karne tano na watu ambao yenyewe haikuwakaribisha mezani, na chakula chake kizuri bado kinapatikana pale walipoweka jiko lao.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna mkono wetu katika jambo hili tangu mwanzo. Ndani ya Jerónimos, hatua chache tu kutoka kwenye meza za vitobosha, limo kaburi la Vasco da Gama. Aprili 1498 alipotia nanga mbele ya Mombasa, mabaharia wake walikuwa wameteswa na kiseyeye. Mfalme wa mji, kabla mambo hayajaharibika kati yao, aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Malindi nako wakapokewa vizuri na kupewa rubani wa kuwavusha hadi India. Malipo ya ukarimu huo yanajulikana. Mwaka 1502 Gama alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon 1503, na mfua dhahabu Gil Vicente akaitengeneza kuwa monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, akaimaliza 1506. Mfalme Manuel I aliirithisha monasteri hiyohiyo ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake uligharimiwa kwa ushuru wa bidhaa za Afrika na Mashariki. Leo monstransi ya Belém imo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Mtanzania akienda Lisbon na asiitazame dhahabu ya Kilwa, safari yake ina pengo.

Kutoka makumbusho hayo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Madragoa, mtaa wa vichochoro, nguo zimeanikwa madirishani. Zamani mtaa huu uliitwa Mocambo. Ulianzishwa kwa hati ya kifalme 1593, mwaka uleule Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa, na wakazi wake walikuwa Waafrika, watumwa na walioachwa huru. Hesabu ya wakazi ya 1551 ilitaja watumwa karibu 10,000 katika mji wenye watu 100,000. Miongoni mwao wanawake ndio waliobeba maji na kusomba uchafu hadi mtoni, na ndio waliotembeza vyakula mitaani: maharage yaliyopikwa, wali, kome wa mtoni. Walikuwa mamantilie wa Lisbon karne kadhaa kabla ya neno hilo kuzaliwa Dar es Salaam. Karibu na hapo kuna barabara inayoitwa Poço dos Negros, Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa kuoza nje. Siku hizi barabara hiyo imejaa mikahawa ya kifungua kinywa. Mimi sioni ubaya wa kukaa pale kunywa kahawa, lakini anayekaa ajue amekaa wapi.

Baada ya Waafrika wakaja Wagalisia, maskini kutoka kaskazini-magharibi mwa Hispania. Hao ndio waliopanda na kushuka vilima vya Lisbon na mapipa ya maji mabegani, hasa baada ya mfereji mkuu wa Águas Livres kuanza kuleta maji mjini 1748. Maji ya bomba yalipoingia majumbani katika karne ya 19, kazi hiyo ikafa. Wengi waliingia katika biashara ya mkaa, na pamoja na mkaa wakauza mvinyo. Mteja alikuja kununua mkaa wa jikoni, akapewa glasi, kisha sahani ya samaki wa kukaanga ili asinywe na njaa. Kwa njia hiyo zilizaliwa tasca nyingi za Lisbon, vibanda vya chakula vya watu wa kazi, ambavyo hadi leo ndivyo ningemshauri mgeni aanze navyo.

Tasca haijifichi. Ina meza sita au nane zilizotandikwa karatasi, menyu imeandikwa kwa mkono na kubandikwa dirishani, televisheni iko juu ya mlango wa jikoni, na mwenye nyumba hujumlisha hesabu yako kwa kalamu palepale juu ya karatasi ya meza. Agiza prato do dia, chakula cha siku, kwa kuwa ndicho kilichopikwa asubuhi hiyo kwa wingi. Utaletewa mkate, zeituni na siagi bila kuomba, nazo si zawadi. Ukivila utalipa, usipovigusa hulipi. Muislamu awe macho na mambo mawili. Bifana, mkate wa nyama unaopendwa sana, ni nguruwe, na ile supu ya sukuma wiki na viazi, caldo verde, hutiwa kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe. Kwenye samaki hana wasiwasi.

Na samaki ndio mfalme wa Lisbon, ingawa yule anayependwa kuliko wote havuliwi karibu na Ureno. Bacalhau ni samaki wa maji ya baridi, hupasuliwa na kutiwa chumvi nyingi kisha hukaushwa, hukaa dukani akiwa mkavu na mgumu kama ng'onda wa kwetu. Kabla ya kupikwa hulowekwa siku moja au mbili, maji yakibadilishwa mara kwa mara mpaka chumvi itoke na nyama ivimbe. Wareno walianza kumfuata pwani ya Newfoundland tangu karne ya 16, na kwa kuwa Kanisa lilikataza nyama siku nyingi za mwaka, akawa chakula cha kila nyumba.

Historia yake ya karne ya 20 haitajwi kwenye menyu. Utawala wa dikteta Salazar uliunda tume ya kusimamia biashara ya bacalhau mwaka 1934, na meli zikapelekwa kila mwaka kwa msimu wa miezi sita hivi. Kila mvuvi alishushwa baharini peke yake ndani ya mtumbwi mdogo wa mbao, na mshipi na ndoana, katika ukungu wa Atlantiki. Waliokubali kwenda misimu kadhaa mfululizo walisamehewa jeshi. Baada ya 1961 vita vilipowaka Angola, na hasa baada ya Septemba 1964 FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam, kilipoanza mapambano Msumbiji, kijana wa kijiji cha wavuvi alikuwa na mawili ya kuchagua: mtumbwi wa Newfoundland au bunduki Afrika. Wako waliochagua mtumbwi. Ukila bacalhau à Brás, samaki huyo aliyechambuliwa na kuvurugwa na mayai na viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti, mapishi yanayosemekana kuzaliwa katika baa moja ya mtaa wa Bairro Alto, jua kwamba kuna watu wa Afrika Mashariki na wavuvi wa Ureno waliofungwa katika kisa kimoja bila kujuana.

Sadini ni habari nyingine. Huvuliwa palepale, na wakati wake ni kiangazi, wanaponenepa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Antonio aliyezaliwa Lisbon, mtaa wa Alfama hufukizwa moshi mpaka asubuhi, kila mlango una jiko la mkaa. Samaki huchomwa mzima na chumvi ya mawe, huwekwa juu ya kipande cha mkate, nawe unamla kwa vidole. Mkate hunyonya mafuta, na ndio unaoliwa mwisho.

Tarehe 25 Aprili 1974 jeshi liliangusha udikteta, na mwaka uliofuata Msumbiji, Cape Verde na Angola zikapata uhuru. Watu wapatao nusu milioni walirudi au kukimbilia Ureno, wengi bila kitu mkononi isipokuwa mazoea ya jikoni. Kuku wa kuchomwa kwa pilipili akashamiri vitongojini. Pilipili ni mmea wa Amerika uliobebwa na meli za Wareno hadi Afrika, ukastawi Msumbiji, ukachanganywa huko na ndimu na kitunguu saumu, ndipo ukarudi Lisbon kama kitu kigeni. Pamoja na watu hao waliorudi zilikuja familia za asili ya Gujarat na Goa zilizokuwa zimeishi Msumbiji kwa vizazi, Wahindu na Waislamu, wakiwemo Waismailia. Hao ndio walioieneza sambusa mjini. Ingia katika mkahawa wa kawaida wa Lisbon leo, kwenye kabati la kioo, kando ya vitobosha vya nata, utaziona zimepangwa, wanaziita chamuças. Mteja Mreno huagiza moja na kahawa yake bila kufikiri imetoka wapi.

Kwa chakula hiki mahali pa kwenda ni bonde la Martim Moniz na mtaa wa Mouraria uliopanda kilima juu yake. Mouraria ndiko walikotengewa Waislamu waliobaki baada ya mji kutekwa na mfalme Afonso Henriques mwaka 1147. Kwenye ngazi zake kuna Cantinho do Aziz, mgahawa wa Kimsumbiji unaopika mchuzi wa nazi na kamba ambao mtu wa Tanga au Lamu ataujua kwa harufu tu. Wacape Verde wana chama chao orofa ya nane katika jengo la mtaa wa Duque de Palmela. Baadhi ya siku za katikati ya juma hupika cachupa, mchanganyiko wa mahindi na maharage uliochemshwa polepole na nyama au samaki, na bendi hupiga watu wakacheza mchana kweupe kabla ya kurudi ofisini. Uliza kwanza ndani yake mmewekwa nini, maana nyama ya nguruwe hutumika sana.

Katika uwanja wa São Domingos, mbele ya kanisa ambamo Waafrika wa Lisbon walikuwa na chama chao cha kidini tangu karne ya 15, utawakuta watu wa Guinea-Bissau wamekusanyika, akina mama wakiuza kola na bidhaa za kwao. Soko kuu la Ribeira, lililojengwa 1882, lina sura mbili siku hizi: upande mmoja tangu 2014 ni ukumbi wa migahawa inayojulikana, upande wa pili wauza samaki na mboga bado wapo asubuhi. Nenda upande wa pili kwanza.

Kodi za nyumba zimepanda sana tangu sheria ilipolegezwa 2012 na watalii kuongezeka, na tasca nyingi zimefungwa. Mwaka 2015 manispaa ilianzisha mpango wa kutambua na kulinda maduka yenye historia, lakini walionufaika zaidi ni wenye majina makubwa. Anayetandika meza sita za karatasi hana wa kumtetea isipokuwa wateja. Wakati huohuo, kwenye mtaa wa Benformoso, nyuma tu ya Martim Moniz, Wabangladeshi wamefungua migahawa ya biriani na mikate ya kuoka, halali yote, na wafanyakazi wa ujenzi hujaa humo. Fika saa sita mchana, kwani ikifika saa saba hupati kiti.