Mtu wa Unguja aliyekaa jikoni London

Agosti 2026 inatimia miaka 60 tangu afariki Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini ambaye picha zake za Unguja leo zinauzwa kwa mamilioni. Sisi wa Mkwaja na mwambao mzima wa Pangani, tunaovuka kwenda Unguja kwa ndugu na kwa biashara, habari hii inatuhusu, kwa kuwa sura alizozichora ni sura za watu wetu.

Stern alizaliwa mwaka 1894, akasomea uchoraji Ujerumani. Wafaransa kina Claude Monet walikuwa wameshachora bandari zao tangu miaka ya 1870, wakikimbizana na mwanga juu ya maji. Stern alifuata Wajerumani waliokuja baadaye, akina Max Pechstein, waliopaka rangi nzito na kutafuta zaidi kilichomo ndani ya mtu. Alifika Unguja mwaka 1939, akarudi 1945, na mwaka 1948 akatoa kitabu kuhusu kisiwa hicho. Picha zake nyingi za huko alizitia fremu za mbao za nakshi kutoka Unguja kwenyewe, mbao za aina ile ya milango ya Mji Mkongwe.

Picha moja ya 1939 inamwonyesha Mwarabu aliyevaa mavazi meusi. Ilitolewa ipigwe mnada Afrika Kusini ili kuchangia gharama za mawakili katika Kesi ya Uhaini, iliyoanza kwa kukamatwa watu 156 mwaka 1956, Nelson Mandela akiwa mmoja wao. Kesi ikaisha 1961, hakuna aliyetiwa hatiani. Mnunuzi baadaye alihamia Uingereza na picha yake. Mwaka 2015 mtaalamu wa nyumba ya mnada ya Bonhams aliikuta jikoni katika nyumba moja ya London, imegeuzwa ubao wa kubandikia barua, kadi za posta na bili. Septemba mwaka huo ikauzwa pauni 842,500.

Fikiria hilo. Mtu wa Unguja alisaidia kuwatetea wapigania uhuru wa Afrika Kusini, kisha akafunikwa na bili za watu. Na jina la picha linataja kabila na nguo tu.

Nyingine, ya shehe wa Kiarabu ya 1945, iliuzwa mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3 na kwenda Qatar, baada ya mvutano na Afrika Kusini juu ya kibali cha kuitoa nchini. Afrika Kusini iliigombea, Qatar ikailipia. Sauti ya Zanzibar, alikokaa mtu yule akachorwa, haikusikika katika mvutano ule.

Wanaohusika na makumbusho Zanzibar watafute nakala za picha hizi, wazitundike Mji Mkongwe, na wawaite wazee waziangalie. Waliokuwa watoto mwaka 1945 wamekaribia miaka 90 au wameipita. Kama kuna anayeweza kusema huyu ni babu wa fulani, aulizwe sasa.