Lugha ya Askari: Wazee Wetu Waliopigana Burma

Ndugu zetu vijana, hapa Kampala tukiongea Kiswahili ndani ya taxi, wapo wanaonuna. Wanasema hiyo ni lugha ya askari. Sawa, tusibishane. Lakini tuulize: askari gani?

Mwaka 1944 Waingereza walipeleka Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kule Burma kupigana na Wajapani. Walikuwemo vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Mwacholi na Mkamba wataelewana vipi kwenye handaki moja? Kwa Kiswahili, lugha ya KAR, ambayo watu waliiita Keya.

Wengine hata hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofika walivuka bonde la Kabaw wakati wa masika: matope, malaria, mizigo mgongoni. Desemba wakawa Kalewa, kwenye mto Chindwin.

Na sisi wenye asili ya Congo tusijitoe. Mwaka 1941 Force Publique ilitembea hadi Ethiopia, na tarehe 3 Julai Waitaliano wakasalimu amri Saio. Nyuma ya askari walikuwepo wapagazi, ambao majina yao hayatajwi kabisa.

Walilipwa nini? Mwafrika alipata mshahara mdogo kuliko Mzungu wa cheo kilekile. Waliambiwa wanapigania uhuru, wakarudi kwenye nchi zisizo huru. Waruhiu Itote wa Kenya alirudi kutoka Burma, akaja kuwa Jenerali China wa Mau Mau. Idi Amin naye alijisifu kuwa alipigana Burma, kumbe aliingia jeshini mwaka 1946, vita vimeshaisha! Sifa ya vita aliivaa asiyekwenda, na waliokwenda wamesahaulika.

Kwa hiyo wanaotununia wana nusu ya ukweli. Kiswahili kilibeba amri na bunduki, ndiyo. Tena wengi wetu tumekimbia watu wenye bunduki wanaokiongea. Lakini pia kilikuwa lugha ya kijana aliyeomba maji mbali na kwao. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka habari za Keya au za Force Publique, mrekodi kwenye simu wiki hii. Wanabaki wachache mno.