Ngoma za Romania na Jasho la Watumwa

Ngoma ya taifa haichunguzwi kwa kutazama mavazi ya wachezaji tu. Lazima tuulize pia ni nani aliyeipigia muziki, na katika hali gani.

Wakulima wa Romania wanajulikana kwa hora, ambamo wanakijiji hushikana mikono katika duara, na kwa căluș ya Oltenia, ngoma ya wanaume wenye fimbo na njuga miguuni msimu wa Pentekoste. Transilvania ina ladha yake: fidla huongoza, na fidla nyingine ya nyuzi tatu hushika mdundo.

Katika Wallachia na Moldavia, wapigaji mashuhuri wengi walikuwa Waroma, watu ambao wazee wao walitoka Bara Hindi. Nao walikuwa watumwa, mali ya watawala, ya monasteri na ya makabaila. Fundi wa fidla aliweza kuuzwa, fidla yake ikichezesha harusi za mabwana. Moldavia ilifuta utumwa huo mwaka 1855, Wallachia 1856. Lakini hawakupewa ardhi. Wengi walibaki wakitegemea malipo ya harusi.

Kuanzia 1976 hadi 1989 tamasha la Cântarea României liliwapandisha jukwaani wafanyakazi na wakulima, jambo la kusifiwa. Hata hivyo utawala wa Ceaușescu, uliowatambua Wahungari na Wajerumani kama jamii za nchi hiyo, haukuwatambua Waroma. Tarehe 20 Februari iliwekwa kisheria kuwa siku ya kukumbuka ukombozi wao mwaka 2011, miaka 155 baadaye.