Kwa nini swali linauliza "la kwanza"?

Kama upo Mkomaindo pale Masasi, au Newala, na unajiandaa na mtihani wa leseni ya uuguzi, huenda umeshaliona hili: unaijua mada vizuri na bado unakosa swali. Hebu turudi nyuma kidogo, maana karibu kila aina ya swali ilizaliwa na lalamiko.

Uingereza ilipitisha sheria ya kusajili wauguzi mwaka 1919, na mtihani wa kwanza wa taifa ukafanyika 1925. Enzi hizo mtahiniwa alijieleza kwa maandishi: eleza utakavyomhudumia mgonjwa wa nimonia. Tabu ilikuwa kwa msahihishaji. Huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walishaonyesha mwaka 1913 jinsi tabu hiyo ilivyo kubwa. Walituma karatasi moja ya jiometri kwa walimu zaidi ya mia moja. Majibu ni yaleyale, lakini mmoja kampa mwanafunzi 28, mwingine 92. Na hiyo ni jiometri, jamani, siyo insha!

Ndipo maswali ya kuchagua yakashika kasi. Sasa wote wanasahihishwa sawa, ila likaja lalamiko jingine: watu wanakariri, na hata anayefumba macho ana nafasi moja kati ya nne.

Dawa moja ya watunzi ikawa swali la kipaumbele. Mama amejifungua, anatoka damu nyingi, mji wa mimba ni laini. Utafanya nini kwanza: kupima presha, kusugua mji wa mimba, kuandaa damu, au kuandika kwenye faili? Yote manne ni kazi yako. Mwanafunzi anaona "kupima presha", anakumbuka mwalimu alisisitiza, anaweka alama. Kakosa. Mji wa mimba usipokaza damu haikomi, kwa hiyo unausugua huku ukiita msaada, presha inafuata. Neno "kwanza" ndilo swali lenyewe, na wengi tunaliruka.

Halafu kuna "chagua yote yaliyo sahihi", linalotisha kuliko yote. Kwenye NCLEX, mtihani wa leseni wa Marekani ambao hata Mtanzania anayetaka kufanya kazi kule lazima aufanye, zamani ukikosea chaguo moja umepoteza swali zima. Tangu Aprili 2023, chaguo sahihi linaongeza alama, lisilo sahihi linapunguza, ila hushuki chini ya sifuri. Kwa hiyo ukiweka tiki kila mahali, unajila mwenyewe.

Mabadiliko hayohayo yalileta kisa kinachoendelea: mgonjwa mmoja, maswali sita, hali yake ikibadilika njiani. Unatambua dalili zenye maana, unapima uzito wake, unaamua, halafu unaangalia kama ulichofanya kimesaidia. Ukikitazama vizuri, ni yule mgonjwa wa nimonia wa 1925 amerudi, safari hii anasahihishwa na kompyuta.