Ujifunzaji Nje ya Darasa: Istilahi na Kazi Yake Kigali

Mwambie mzazi wa Biryogo au Nyamirambo, mitaa ya Kigali ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za ukoloni, kwamba mtoto wake anasoma nje. Atakuuliza: nchi gani, na nani kamlipia? Kusoma nje, kwa Mswahili wa leo, ni kuvuka mpaka. Kwa hiyo istilahi ya Kiingereza outdoor learning, ambayo siku hizi imo katika kila mpango wa kuwanoa walimu kuhusu mazingira, haiwezi kuwa "elimu ya nje". Dada yake, sustainability education, nayo haiwezi kuwa "elimu endelevu", maana jina hilo lina mwenyewe: ndiyo elimu ya watu wazima waliorudi kusoma baada ya kuacha shule au wakiwa kazini. Ukiunganisha tafsiri hizo mbili za haraka, mwalimu atadhani ameitwa kwenye semina ya wanaotaka kujiendeleza ng'ambo.

Ninachopendekeza ni "ujifunzaji nje ya darasa", na kwa ile ya pili "elimu kwa maendeleo endelevu", au kwa kifupi "elimu ya uendelevu". Wapo wenzangu wa vyuo vikuu wanaopenda "ujifunzaji uwandani", kwa kuwa utafiti wa uwandani umeshazoeleka. Ni neno zuri kwa mtafiti. Kwa mwalimu wa shule ya msingi linaonyesha mahali pa mbali, pa kwendea kwa gari, ilhali tunachokitaka kinaanzia hatua kumi kutoka mlangoni mwa darasa lake.

Uzito wa istilahi hii umo katika neno la kwanza. Mitaala yetu huandika "ufundishaji na ujifunzaji" kwa pamoja mpaka tumezoea kuyasoma kama kitu kimoja. Sicho. Ufundishaji ni kazi ya mwalimu. Ujifunzaji ni kinachotokea kwa mwanafunzi. Mwalimu anaweza kufundisha nje kutwa nzima, amesimama juani na kipaza sauti, watoto wamepanga mistari, na pasiwe na ujifunzaji wowote nje ya darasa. Amehamisha ubao tu.

Na hapo kuna jeraha linalopaswa kutajwa waziwazi. Katika nchi zetu zote za Afrika Mashariki, watoto wanaosoma chini ya mwembe ni habari ya aibu, picha ya gazeti inayodai vyumba vya madarasa. Mzazi aliyechanga fedha au aliyebeba mawe kujenga darasa ana haki ya kushangaa akiona mwanawe katolewa humo. Mafunzo ya walimu yasipompa mwalimu maneno ya kumjibu mzazi huyo, watoto watarudi ndani wiki ya pili. Jibu ni kwamba darasa halikuachwa. Somo limeanzia humo, limetoka kutafuta ushahidi, na litarudi humo kuupima.

Vivyo hivyo tusiuchanganye ujifunzaji huu na ziara ya kimasomo, ambayo ni safari ya mara moja kwa mwaka, basi, soda na picha ya pamoja. Wala si shamba la shule. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, mtoto ajifunze kwa kufanya, na kazi iwe sehemu ya elimu yenyewe. Wazo lilikuwa kubwa. Lakini waliosoma miaka iliyofuata wanajua lilivyopungua njiani: katika shule nyingi jembe likawa adhabu ya mchelewaji, na mahindi yakapaliliwa bila mtu kuuliza kwa nini mstari huu umenyauka na ule umestawi. Rwanda nayo ina akarima k'igikoni, bustani ya mboga inayopatikana majumbani na mashuleni, na ina umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Vyote ni vitu vya thamani, na vyote vinaweza kupita bila swali hata moja kuulizwa. Swali ndilo linalogeuza kazi kuwa somo.

Rwanda ina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mtaala wake unaozingatia umahiri ulitangazwa mwaka 2015 na kuanza kutumika 2016, na ndani yake mazingira na uendelevu ni mojawapo ya mada mtambuka, yaani zinazopaswa kupita katika kila somo. Mada mtambuka ina hatari yake: ikiwa ya masomo yote, hukosa mwenyewe. Mwalimu wa hisabati humwachia wa sayansi, wa sayansi humwachia klabu ya mazingira. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kikawa lugha rasmi nchini humo kwa sheria, kwa hiyo istilahi hizi si za Dar es Salaam na Nairobi peke yake.

Tazama somo lenyewe linavyokwenda. Shule iko kwenye mteremko, kama shule nyingi za Kigali. Mvua imenyesha usiku na bado inadondoka. Watoto wanapewa chupa tatu za glasi. Ya kwanza inajazwa maji ya mfereji wa bati. Ya pili, maji yanayotiririka chini ya ukingo ulio wazi, pale watoto wanapokanyaga kila siku. Ya tatu, maji yanayotoka upande wa pili wa ukingo uleule, penye matete. Chupa zinawekwa ukutani, hakuna kuzitikisa, na watoto wanasubiri tope lituame. Kisha wanapima kwa rula: tope la chupa ya pili ni milimita ngapi, la tatu ngapi? Hapo mwalimu wa hisabati ameshapata somo lake. Baadaye mtoto mmoja atauliza udongo huu ni wa nani na unakwenda wapi. Asipouliza, mwalimu atauliza.

Unakwenda mbali. Kutoka Gitega na Kimisagara maji huingia ruhurura ya Mpazi, mfereji mkubwa unaoshuka hadi Nyabugogo. Nyabugogo humwaga Nyabarongo, mto ambao ukiuvuka darajani kwenye barabara ya Muhanga msimu wa mvua utauona una rangi ya chai ya maziwa. Nyabarongo huungana na Akanyaru, mbele yake ni Akagera, na Akagera huingia Ziwa Viktoria, na ziwa hilo ndilo linaloulisha mto Naili. Udongo uliotoka chini ya viatu vya mtoto wa Kimisagara una safari inayopita Tanzania na Uganda. Ramani ya ukutani, iliyokuwa picha tu, imepata mwanzo wake kwenye uwanja wa shule.

Sehemu ngumu kwa mwalimu katika somo hilo ni kunyamaza. Watoto wanapokosea kukisia, mazoea ya miaka yote yanamsukuma kusahihisha palepale. Ndiyo maana mafunzo kazini yanayofaa humfanya mwalimu kwanza awe mwanafunzi: achuchumae mwenyewe kando ya mtaro, akisie, akosee, apime, ndipo akae aandike andalio la somo lenye sehemu tatu, kabla ya kutoka, huko nje, na baada ya kurudi. Semina nyingi huishia kwenye ile sehemu ya pili. Mimi naona ya tatu ndiyo yenye elimu. Watoto wasiporudi na kulinganisha vipimo, kuandika na kubishana, walichofanya ni kupunga upepo.

Kigali ina mtego mwingine unaotokana na sifa yake njema. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, barabara zinafagiwa alfajiri, na mtoto hukua akijua kwamba takataka haitupwi. Ukimwambia atoke nje ajifunze uendelevu, ataokota karatasi. Usafi ni jambo jema lakini uendelevu unauliza zaidi: karatasi hiyo ikishaokotwa inakwenda wapi? Inakwenda dampo la Nduba, wilayani Gasabo, na huko nako kuna udongo, maji na majirani. Kinyarwanda kinasaidia hapa. Maendeleo endelevu huitwa iterambere rirambye, kutoka kuramba, yaani kudumu na kuishi miaka mingi. Maneno yetu mawili yametoka shina moja, kuendelea, na masikio ya mtoto husikia "kwenda mbele kunakokwenda mbele". Mwalimu wa Kigali anayefundisha Kiswahili asione haya kuanza na kuramba, kisha avuke kuja kwenye endelevu.

Kwa walio tayari kutoka nje ya uzio, jiji limeandaa mahali. Bustani ya Nyandungu, yenye hekta 121, ilikuwa ardhioevu iliyoharibiwa; kazi ya kuirejesha ilianza 2016 na ikafunguliwa kwa umma 2022. Mwalimu anaweza kuwaonyesha watoto jinsi mafunjo na mimea mingine inavyopunguza kasi ya maji na kunasa tope, yaani chupa ile ya tatu, safari hii kwa ukubwa wa bonde zima. Umusambi Village, pia Kigali, ni ardhioevu iliyofufuliwa, na humo wanaishi korongo wenye taji walioharibika mabawa kwa kufugwa majumbani na mahotelini. Hawawezi kuruka tena, kwa hiyo mtoto anaweza kuwatazama kwa muda mrefu na kuuliza nani aliwakata mabawa. Kwenye somo la namna hiyo mwalimu asipeleke watoto kabla hajalipitia mwenyewe.

Limebaki suala la kalenda, nami nalisema kwa kusisitiza kwa sababu wapangaji hulisahau. Semina za walimu hupangwa likizo ndefu, Julai na Agosti, kwa sababu wakati huo walimu wana nafasi. Lakini ndiyo miezi ya kiangazi. Mitaro ya Kigali imekauka, mteremko umeshikamana, na somo zima la udongo linabaki kuelezwa kwa mdomo, ndani ya ukumbi, kwa slaidi. Wafunzwe Jumamosi za Novemba, ukiacha ile ya mwisho ambayo ni ya umuganda, na tena Aprili, mvua za itumba, yaani masika, zikiwa zimeshika kasi. Na penye mstari wa vifaa katika andalio la somo, kila mmoja aandike: chupa tatu, rula, kamba, miavuli.